Kuuza Droni ya Kamera Iliyotumika Kidogo: Namna ya Kuipatia Bei ya Haki

Ukimuuliza mtu anayeuza droni yake bei ameipataje, mara nyingi atakujibu kwa hesabu ya mfuko wake: aliinunua kiasi fulani, ameirusha mara chache, kwa hiyo anatoa laki mbili tatu na anaiuza. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini mnunuzi haimhusu. Yeye ana fedha mkononi na anajiuliza kwa fedha hizo, leo hii, angepata nini kingine. Bei ya haki ni ile inayojibu swali lake kwa ukweli, na ambayo muuzaji anaweza kuieleza kipengele kwa kipengele bila kubabaika.

Jambo hili lina uzito kwa sababu wanunuzi wengi wa droni za mkono wa pili kwetu hawatafuti kitu cha kuchezea. Ni vijana wanaopiga video za harusi na mahafali, wanaowapigia picha madalali wa viwanja, wanaotafuta kazi za hoteli za pwani. Droni kwao ni mtaji, na mara nyingi ni mtaji wote. Ikigundulika wiki ya pili kwamba ilishawahi kuanguka, kijana huyo anakuwa ameshapokea arbuni za watu. Na muuzaji naye ana haki yake, kwani kuna madalali hodari wa kuifanya mashine nzima ionekane takataka ili waichukue kwa bei ya kutupa.

Mfano nitakaoshika njiani ni Mini 4 Pro, droni ya kampuni ya DJI ya China, kwa kuwa ni ndogo, imeenea, na watu wengi waliinunua wakairusha kidogo tu. Utaratibu wenyewe unafaa kwa aina yoyote.

Hatua ya kwanza: itaje kwa jina lake lote

Tangazo linalosema "nauza Mini 4 Pro" halijasema kitu. Droni hiyo ilipotoka Septemba 2023, Marekani iliuzwa dola 759 ikiwa na rimoti ya RC-N2, ile inayohitaji simu yako iwe ndiyo kioo. Ikiwa na RC 2, rimoti yenye kioo chake, ilikuwa dola 959. Kifurushi cha Fly More chenye RC 2, betri tatu, kituo cha kuchajia na begi kilikuwa dola 1,099. Hizo ni tofauti za dola 340 chini ya jina moja. Muuzaji wa kifurushi kikubwa anayejilinganisha na tangazo la kifurushi kidogo anajipunja, na wa kinyume chake anampunja mwenzake.

Kwa matoleo ya chini mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Mini 2 ya Novemba 2020, Mini 2 SE ya 2023 na Mini 4K ya 2024 zina miili inayofanana kama mapacha. Mini 2 na Mini 4K hurekodi video ya 4K, Mini 2 SE huishia 2.7K, yaani picha yenye ukali mdogo zaidi. Mini 4K ilizinduliwa kwa dola 299 tu, kwa hiyo ndiyo inayoweka dari kwa kila Mini 2 ya mkono wa pili.

Andika pia aina ya betri. Betri ya kawaida ya Mini 4 Pro inatajwa kuruka hadi dakika 34. Ile ya Plus inafika 45, ila inaipandisha droni juu ya gramu 250. Kwa mnunuzi anayekwenda kuitumia Ulaya au Marekani tofauti hiyo ya gramu ni kubwa, kwa sababu chini ya gramu 250 masharti ya kule ni mepesi. Kwa mpiga harusi wa Dar es Salaam kinachomvutia ni dakika kumi za ziada.

Hatua ya pili: tafuta bei ya mpya ya leo, ikiwa imeshafika mlangoni

Bei uliyonunulia iweke pembeni kabisa. Unachohitaji ni bei ya kifurushi kama chako, kipya, ambacho mnunuzi wa mji wako anaweza kukipata wiki hii. Piga simu au pita dukani: Kariakoo ukiwa Dar, Luthuli Avenue na mitaa ya jirani ukiwa Nairobi. Uliza maduka matatu au manne, na uulize kama mtu anayenunua kweli, maana bei ya kwenye Instagram na bei ya mezani ni vitu viwili.

Wengine watapiga hesabu ya kuagiza Dubai au kumtuma ndugu aliye Marekani. Sawa, lakini hesabu ya kuagiza lazima ifike mlangoni. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ambayo Tanzania ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16. Ongeza usumbufu wa vibali vya kuingizia na wa betri za lithiamu, ambazo zile za akiba haziruhusiwi kukaa kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Abiria anazibeba mkononi. Mnunuzi anayekuonyesha bei ya tovuti ya Marekani na kusema "mpya ni hii hapa" hajamaliza hesabu yake. Tena si kila toleo linapatikana kule kirahisi: Mavic 4 Pro, droni nyingine ya DJI, ilipozinduliwa Mei 2025, Marekani haikuwemo kwenye uzinduzi rasmi.

Hapa haki inakata pande zote mbili. Bei ya mpya ikiwa imeshuka tangu uliponunua, hasara hiyo ni yako, usimbebeshe mnunuzi. Shilingi ikiwa imedhoofika na mpya imepanda, faida hiyo nayo ni yako. Mtu akikwambia "lakini wewe ulinunua kwa bei rahisi", mjibu kwa upole kwamba leo hapati mpya kwa bei hiyo.

Hatua ya tatu: soma soko, lakini usiyaamini matangazo

Bei zilizo kwenye tovuti ya matangazo ya Jiji, Facebook na magrupu ya WhatsApp ya wapiga video ni bei ambazo watu wanatamani kulipwa. Kinachokufaa ni bei ambazo watu wamelipwa. Tangazo lililokaa miezi miwili bila kuondoka linakwambia kwamba soko limeikataa bei hiyo, basi lichukulie kuwa dari. Tangazo lililotoweka ndani ya siku tatu linakwambia kwamba bei ilikuwa nzuri, pengine nzuri kupita kiasi.

Njia bora ni kuwauliza waliouza. Andika kwa heshima: "Habari kaka, niliona ulikuwa unauza Air 2S. Nami nauza yangu, nisaidie, iliondoka kwa ngapi?" Wengi hujibu, kwa sababu mali imeshatoka na hawana cha kuficha. Majibu mawili au matatu ya namna hiyo yana thamani kuliko matangazo ishirini.

Hatua ya nne: makato ya kwanza

Droni ikishawashwa na kufungwa kwenye akaunti ya mtu imeshatoka kwenye kundi la vitu vipya, hata kama imeruka mara mbili tu. Mnunuzi wako hapati dhamana ya duka, hana pa kuirudisha, na anachukua hatari ya asichokiona. Hatari hiyo ina bei. Mimi huanzia asilimia 80 ya bei ya mpya kwa droni iliyo safi, yenye kila kitu chake, isiyowahi kuanguka. Kama dhamana ya duka bado inaishi na duka linakubali kuihamishia kwa mnunuzi, unaweza kuanzia 85. Juu ya hapo sioni sababu ya mtu mwenye akili timamu kununua yako na kuacha mpya.

Kuanzia kwenye kiasi hicho, ukaguzi ndio unaoamua.

Hatua ya tano: ikague kama unayeinunua wewe

Anza na betri, kwa sababu ndizo zinazochakaa hata droni ikiwa kabatini. Washa droni, fungua programu ya DJI Fly, ingia kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya taarifa za betri. Utaona idadi ya chaji, hali ya kila seli na namba ya utambulisho ya betri. Piga picha ya kioo kwa kila betri, moja baada ya nyingine, na weka alama ndogo ili zisichanganyike. Betri za aina hii huhesabiwa kuwa zimezeeka zikikaribia chaji 200. Betri yenye chaji 40 imetumia sehemu moja ya tano ya maisha yake, basi ipunguzie sehemu moja ya tano ya bei ya betri mpya. Ni hesabu ya mkono, lakini ni ya haki na kila mtu anaielewa.

Idadi ya chaji peke yake haitoshi. Betri iliyoachwa tupu kwenye begi kwa miezi sita inaweza kuwa na chaji kumi na bado ikawa mbovu. Irushe au iache droni ikiwa imewaka hadi betri ishuke nusu, kisha angalia volti za seli zake mbili. Zikipishana kwa 0.1 au zaidi, betri hiyo inachoka. Iweke juu ya kioo cha meza pia: ikiyumba au ikizunguka imevimba tumbo, na betri iliyovimba thamani yake ni sifuri. Usiiuze, usiitoe bure kama nyongeza. Inaweza kuwaka moto.

Mnunuzi naye asikate bei kwa sababu betri imeruka dakika 25 badala ya 34. Zile dakika za kiwandani zilipimwa bila upepo, kwa mwendo mmoja, hadi betri kuisha kabisa. Hakuna anayerusha hivyo. Dakika 25 kwenye upepo wa kawaida ni afya njema.

Baada ya betri nenda kwenye gimbali, ile shingo inayoshika kamera. Droni ikiwashwa, kamera inatakiwa kujinyoosha pande zote kwa ulaini na kutulia. Ikitetemeka, ikigugumia, au programu ikatoa onyo, kuna jambo. Rekodi video ya dakika mbili ukiigeuza droni taratibu na kuipandisha kamera juu na chini. Itazame kwenye kompyuta, maana kioo cha simu kinaficha mengi. Mstari wa upeo ukilala upande mmoja hata baada ya kurekebisha kwa programu, gimbali imegongwa. Tafuta pia madoa yasiyohama kwenye anga la buluu na kona moja iliyofifia kuliko nyingine.

Kisha mwili. Fungua na kufunga mikono yote minne, uipapase kwenye maungio ukitafuta nyufa nyembamba. Zungusha kila mota kwa kidole bila kuwasha: inatakiwa izunguke kwa ulaini ule ule wa wenzake. Droni iliyokuwa ikitua mchangani, Kigamboni, Nungwi, Diani au Nyali, ina tatizo lake la pekee. Mota zina sumaku ndani, na mchanga wa ufukweni mara nyingi una chembe za chuma zinazonata humo. Ukisikia mkwaruzo, puliza na kusafisha kabla ya kupanga bei. Mkwaruzo usipoondoka, mota hiyo ihesabu kuwa ya kubadilishwa. Angalia na vichwa vya skrubu. Kutu kwenye skrubu za mota ni ushahidi wa hewa ya chumvi, au wa maji kabisa.

Mapanga yanayozungushwa na mota, yakiwa na mikwaruzo au ncha zilizoliwa, yabadilishe mwenyewe kabla ya kuuza. Ni gharama ndogo, na mapanga mabovu humfanya mnunuzi aitilie shaka mashine nzima.

Vihisi vya kuzuia kugonga, ambavyo kwenye Mini 4 Pro viko kila upande, vijaribu kwa kuisogeza droni taratibu kuelekea ukutani mahali pa wazi. Rimoti ikague vijiti vyake, vitufe na kioo chake. RC 2 yenye ufa kwenye kioo ni makato makubwa.

Liko jambo la historia ambalo wanunuzi wengi hulikosea, na muuzaji mwaminifu afadhali alieleze mwenyewe. Saa za kuruka na idadi ya safari zinazoonekana kwenye ukurasa wa akaunti ya DJI Fly ni za akaunti, yaani za mtu. Kama umemiliki droni tatu, jumla hiyo ni ya zote tatu. Kama umeirusha droni hii kwa akaunti mbili, jumla unayoiona ni pungufu. Kwa hiyo usijisifu kwa namba hiyo, wala usihukumiwe nayo. Fungua kumbukumbu za safari moja moja, zilinganishe na chaji za betri. Betri tatu zenye chaji 90 kwa jumla na safari tano tu kwenye akaunti haziendi pamoja, na mnunuzi makini ataliona hilo.

Linganisha mwisho namba ya utambulisho iliyo kwenye programu, kwenye mwili wa droni na kwenye boksi. Zikitofautiana, ama boksi si lake, ama imefanyiwa matengenezo makubwa, ama ina historia ambayo hata wewe huijui. Usiuze kabla ya kupata jibu.

Je, iliyowahi kuanguka? Mkwaruzo wa bodi tu, hauna athari kwenye kuruka wala picha: kata asilimia 2 au 3. Ilivunjika mkono au gimbali ikatengenezwa kwa vifaa halisi na sasa iko sawa: kata kama asilimia 15, na useme. Gimbali ina kasoro ambayo haijatengenezwa: pata kwanza bei ya fundi, toa gharama hiyo yote, kisha toa tena kidogo kwa usumbufu. Iliyoingia baharini, hata kama imewaka baada ya kukaushwa, iuze kama ya vipuri. Chumvi inaendelea kula ndani kimyakimya, na siku itakapozima ikiwa juu ya wageni wa harusi hakuna bei itakayolifuta jambo hilo.

Hatua ya sita: vikorokoro

Vichujio vya mwanga, mkeka wa kutulia, begi la ziada, kamba ya rimoti: vyote hivi ulivinunua kwa fedha, lakini mnunuzi hakuja kwa ajili yake. Robo hadi theluthi ya bei yake inatosha, au viache viwe chambo cha kufungia mauzo. Betri ya ziada na kituo cha kuchajia ndivyo vyenye bei ya kweli. Memori kadi mpe kama unataka, ila usiihesabu.

Hatua ya saba: toleo jipya na karatasi

Mini 3 Pro ilitoka Mei 2022, Mini 4 Pro Septemba 2023, Mini 5 Pro Septemba 2025 ikiwa na kihisi cha picha cha inchi moja. Kila toleo jipya likifika, la zamani halipungui ubora hata kidogo, lakini mwenye fedha anapata chaguo jingine, na bei inashuka. Kata kati ya asilimia 5 na 10. Kuwa makini usikate mara mbili: kama duka limeshashusha bei ya mpya kwa sababu ya toleo jipya, punguzo hilo limo tayari kwenye hesabu yako ya hatua ya pili. Unakata tu pale duka linapoendelea kuuza mzigo wa zamani kwa bei ile ile ya zamani.

Karatasi zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), boksi lenye namba na ushahidi wa ushuru humtoa mnunuzi kwenye hofu ya mali ya wizi. Usajili na vibali vina utaratibu wake: Kenya kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 ziko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, na Tanzania jambo hili liko chini ya mamlaka kama hiyo, TCAA, huku mamlaka za ulinzi nazo zikihusika. Kama droni yako imesajiliwa, kamilisha taratibu za kubadilisha mmiliki. Usiiache iendelee kuruka kwa jina lako. Kama haijasajiliwa, mwambie mnunuzi hivyo, na kiasi cha kupunguza kilingane na ada na usumbufu utakaomkuta. Na kamwe usimwahidi kwamba kwa kuwa ni ndogo haihitaji kibali. Sheria nyepesi za gramu 250 watu wamezisikia kutoka video za Ulaya na Marekani. Hapa aulize mamlaka yenyewe.

Hatua ya nane: piga hesabu

Tuseme unauza Dar es Salaam kifurushi cha Fly More chenye RC 2, na maduka yanakiuza kipya 3,600,000. Namba hizi ni za mfano. Zako zitoke kwenye hatua ya pili.

Asilimia 80 ya 3,600,000 ni 2,880,000.

Betri tatu zina chaji 41, 38 na 12. Betri mpya tuseme ni 200,000. Kwa kipimo cha chaji 200, zimeliwa kama 41,000, 38,000 na 12,000. Jumla ni 91,000, tukate 90,000. Inabaki 2,790,000.

Mapanga yamechoka na hukuyabadilisha: 40,000. Inabaki 2,750,000.

Mini 5 Pro imeshatoka na duka halijashusha bei ya Mini 4 Pro: kata asilimia 8, yaani 220,000. Inabaki 2,530,000.

Vichujio vya mwanga ulivyonunua 120,000, rudisha theluthi: 40,000. Jumla 2,570,000. Hapo funga kwa 2,550,000, ambayo ni kama asilimia 71 ya mpya.

Sasa ilinganishe na majibu uliyopata kwa waliouza. Ikiwa wao walipata 2,500,000 hadi 2,600,000, uko sawa. Ikiwa yako iko mbali nao, rudi kwenye bei ya mpya kwanza. Mara nyingi kosa liko hapo, umelinganisha vifurushi viwili tofauti.

Weka na sakafu, kiasi ambacho chini yake huuzi. Ipate kwa njia hii: jiulize ukiuza vipande kimoja kimoja ungepata nini. RC 2 inafanya kazi pia na Air 3 na Mini 5 Pro, kwa hiyo ina wanunuzi wake peke yake. Betri zina wanunuzi, kituo cha kuchajia nacho pia. Dalali akikupa kiasi kinachokaribia bei ya vipande hivyo bila droni yenyewe, anataka umpe droni bure. Kwa mfano wetu ningeweka sakafu 2,450,000 na kutangaza 2,700,000. Mnunuzi wetu asipopunguziwa anaondoka na kinyongo hata bei ikiwa nzuri, kwa hiyo nafasi ya kupatana iwepo. Ila bei unayotangaza isizidi bei yako ya haki kwa zaidi ya asilimia 6 au 7, la sivyo watu makini hawatapiga simu kabisa.

Hatua ya tisa: tangazo na kupatana

Andika jina kamili, kifurushi, chaji za kila betri, hali ya gimbali, mikwaruzo iliyopo pamoja na picha zake, karatasi zilizopo, na sababu ya kuuza kwa sentensi moja. Picha iwe ya droni yako juu ya meza yako. Picha za kiwandani humfanya mtu ahisi kuna kinachofichwa.

Ujumbe wa kwanza utakaopata utakuwa "bei ya mwisho ngapi, bosi?" kutoka kwa mtu ambaye hajaiona mali. Usitaje. Mwambie: "Karibu uione kwanza ndugu yangu, tutaelewana." Anayekuja kuiona ndiye wa kupunguziwa, na apunguziwe kwa sababu. Akisema mapanga yamechoka, onyesha kwenye karatasi kwamba umeshayakata. Akionyesha kasoro ambayo hukuiona, kubali na uikate pale pale. Karatasi ya hesabu ikiwa mezani, mazungumzo hupoa, kwa kuwa kila mmoja anaona shilingi zimetoka wapi.

Mnunuzi anayetumia Android atakuta DJI Fly haipo kwenye duka la Google. Inapakuliwa kutoka tovuti ya DJI, na ni kubwa. Mwambie aipakue nyumbani kabla ya kuja, la sivyo mtasubiriana juani.

Majaribio ya kuruka yafanyike mahali ambapo kuruka kunaruhusiwa, mbali na uwanja wa ndege, kambi na ofisi za serikali. Hata kuisimamisha hewani mita mbili kutoka ardhini kwa dakika tano kunaonyesha mengi: ikitulia bila kuhamahama na bila kuvuma kwa sauti isiyo sawa, mota na vihisi vya chini viko vizuri.

Hatua ya kumi: makabidhiano

Kutaneni mchana, mahali penye watu. Malipo ya simu au benki yathibitishe kwenye salio lako mwenyewe. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi si ushahidi. Akitaka kukuachia arbuni, andikianeni tarehe ya kumaliza na nini kitatokea akichelewa.

Fedha ikishaingia, ndipo uitoe droni kwenye akaunti yako: DJI Fly, ukurasa wako, usimamizi wa vifaa, ondoa kifaa. Fanyeni hivyo mkiwa pamoja, naye aifunge kwenye akaunti yake hapo hapo. RC 2 itoe akaunti yako na uirudishe kwenye hali ya kiwandani, maana ina nywila zako za Wi-Fi na kumbukumbu za safari.

Andikeni hati fupi ya mauziano, nakala mbili: majina, namba za simu, namba ya utambulisho ya droni na ya rimoti, chaji za kila betri siku hiyo, kasoro zilizotajwa, bei, tarehe, sahihi za wote na shahidi mmoja. Ongezeni mstari wa muda wa kuirudisha. Siku tatu zinatosha kwa kasoro ambayo ilikuwepo na haikutajwa. Kuanguka akiwa nayo mnunuzi hakumo. Kisha peleka taarifa ya mabadiliko ya mmiliki kwa mamlaka kama ilikuwa imesajiliwa, na nakala yako ya hati uitunze pamoja na risiti ya kwanza.